Rimoti haiitiki, mlango haufunguki: namna ya kuingia kwenye gari lako bila kuliharibu

Mwongozo huu ni wa mtu aliyesimama nje ya gari lake mwenyewe, ufunguo ameushika mkononi, rimoti anaibonyeza na gari limenyamaza. Nimeuandika nikiyafikiria zaidi magari ya Kijapani yaliyoingia nchini yakiwa yameshatumika, yaani akina IST, Premio, Harrier, Note, Demio, Forester na wenzao, kwa kuwa ndiyo yaliyojaa katika barabara za Tanzania na Kenya na ndiyo ninayoyafahamu kwa kuyatumia. Magari ya Ulaya yanafuata utaratibu uleule isipokuwa pale nitakapotaja tofauti.

Mara nyingi kifaa cha kufungulia mlango huo tayari unacho mfukoni, ila hujawahi kukitumia. Milango mingi niliyoiona imeharibika, raba zikiwa zimechanika, fremu imepinda na rangi imechubuka mpaka bati linaonekana, haikuharibiwa na rimoti iliyokufa. Iliharibiwa na waya wa henga ulioletwa dakika kumi mapema mno.

Kabla ya yote, chungulia ndani

Kama ndani kuna mtoto, mgonjwa au mnyama na gari liko juani, weka kando kila kinachofuata hapa chini. Joto la ndani ya gari lililofungwa hupanda kwa takriban nyuzi 10 za Selsiasi katika dakika 10 za mwanzo, na mwili wa mtoto mdogo hushika joto haraka kuliko wa mtu mzima. Mchana wa Dar es Salaam wenye nyuzi 32, ndani kutakuwa kumeshapita nyuzi 40 kabla hujamaliza kumwelekeza fundi kwa simu mahali ulipo. Piga 112 au namba ya Zimamoto, 114, ukiwa Tanzania. Ukiwa Kenya piga 999 au 112. Mtoto akionyesha dalili za kulegea, usingoje mtu yeyote: vunja kioo cha pembeni kilicho mbali naye.

Kioo cha mbele usikiguse, kwa maana kimetengenezwa kwa matabaka mawili yenye utando wa plastiki katikati, hivyo kitapasuka bila kuachia na wewe utabaki unatoka jasho. Vioo vya milango katika magari mengi vimekazwa kwa joto, na vikipigwa vizuri humwagika vipande vidogo mithili ya punje za mahindi. Piga karibu na kona ya chini ya kioo, siyo katikati, kwa kitu kigumu chenye ncha au kwa wili spana, huku umegeuza uso na kufunga mkono kwa nguo. Wili spana yako mwenyewe, bila shaka, iko ndani ya buti ambalo nalo limefungwa, kwa hiyo azima kwa dereva aliye karibu. Kioo ni cha kununua kesho.

Kama hakuna aliyemo ndani, una muda wa kutosha. Endelea polepole.

Hatua ya 1: Tambua kilichokufa

Kuna vitu vitatu vinavyoweza kuwa vimekufa, navyo ni rimoti, betri ya gari, au kitasa chenyewe. Kila kimoja kina dawa yake, na anayeanza kutibu kabla ya kujua mgonjwa ni yupi hupoteza saa nzima.

Anza na swali ambalo linachekesha mpaka siku litakapokupata: hili ni gari lako? Katika maegesho yenye IST nyeupe nne zilizopangana, nimeshamwona mtu mzima na heshima zake akigombana na mlango wa gari la mwenzake. Soma namba ya gari kwanza.

Kisha tazama rimoti. Rimoti nyingi zina kitaa kidogo chekundu kinachowaka kila unapobonyeza kitufe. Kikiwaka vizuri, rimoti ina uhai na tatizo huenda liko kwenye gari. Kikiwaka kwa unyonge au kisiwake kabisa, betri ya rimoti imekwisha au rimoti imeingia maji. Baada ya hapo weka uso karibu na kioo, kinga mwanga kwa viganja, utazame dashibodi. Magari mengi yenye imobilaiza, yaani mfumo unaozuia gari lisiwake bila ufunguo wake halisi, huwa na taa ndogo nyekundu inayopepesa muda wote gari linapokuwa limezimwa. Ikipepesa, betri ya gari ina nguvu angalau kidogo. Ikiwa imelala, na hasa kama asubuhi ile uliegesha ukiwa na haraka na huna uhakika kama ulizima taa, mshukiwa wa kwanza ni betri ya gari.

Yapo pia mazingira ambayo kila kitu ni kizima na bado mlango hauitiki. Ufunguo usio wa kuchomeka, ule wa magari yanayowashwa kwa kitufe, hauna kazi ya kungoja ubonyezwe. Gari hutuma mawimbi ya masafa ya chini yanayofika hatua chache tu, ufunguo unayasikia, kisha unajibu kwa mawimbi ya redio, ambayo kwa magari ya Japani huwa karibu na megahezi 315 na kwa magari ya Ulaya kwa kawaida 433. Mazungumzo hayo huvurugika kirahisi. Ufunguo uliobanwa na simu katika mkoba mmoja unaweza usisikie kitu, na vivyo hivyo ukiwa umeegesha chini ya mnara wa mawasiliano au karibu na kituo cha redio. Utoe ufunguo peke yake, sogea upande wa pili wa gari, ujaribu tena. Toyota nyingi zenye mfumo huu zina tabia moja ambayo wenyewe wengi hawaijui: gari likikaa zaidi ya siku 14 bila kutumika, milango mingine huacha kuusikiliza ufunguo ili kutunza betri, na kishikio cha mlango wa dereva pekee ndicho kinachobaki macho. Aliyerudi kutoka likizo ya mwezi mzima kijijini aanzie hapo.

Jambo la mwisho katika hatua hii linahusu usalama. Kuna wezi wanaotumia vifaa vya kuziba mawimbi ya rimoti katika maegesho ya maduka makubwa, ili ubonyeze kufunga, uondoke, na gari libaki wazi. Kwa hiyo rimoti ikigoma ghafla mahali penye watu wengi, shika kishikio na uvute kwa mkono. Pengine gari halijajifunga kabisa.

Hatua ya 2: Ipe rimoti nafasi ya mwisho

Ikiwa kitaa cha rimoti kinawaka kwa unyonge, weka rimoti chini ya kidevu, uigeuzie gari, ubonyeze. Watu hucheka wakiona, lakini si uganga: kichwa cha binadamu kimejaa majimaji, na majimaji hayo husaidia kuyasambaza mawimbi mbali zaidi kidogo. Ukisogea mpaka karibu na kioo cha dereva na kufanya hivyo, betri iliyokaribia kwisha inaweza kukupa mbonyezo mmoja wa mwisho, na huo mmoja ndio unaouhitaji.

Kama haikutosha na kuna duka la vifaa vya simu au la saa karibu, badilisha betri ya rimoti. Ingiza kucha au bisibisi bapa iliyofungwa kitambaa kwenye mpasuo wa ganda, upinde taratibu hadi ganda liachane, kisha tazama kabla ya kutoa kitu chochote upande upi wa betri unaangalia juu. Soma namba iliyochorwa juu yake. Nyingi ni CR2032 au CR1632, zote za volti 3, na namba hizo ni vipimo tu: tarakimu mbili za kwanza ni kipenyo kwa milimita na mbili za mwisho ni unene katika sehemu za kumi za milimita, hivyo CR1632 ina upana wa milimita 16 na unene wa 3.2. Nayasema haya kwa sababu muuzaji atakuambia kwamba CR1620 "inaingia tu". Itaingia, itacheza ndani kwa kuwa ni nyembamba, na wiki ijayo utakuwa umesimama palepale. Shika betri mpya kwa kingo zake, ufute vibati vya mguso kwa kitambaa kikavu, ubane ganda hadi lilie. Betri ya zamani usiiache mahali ambapo mtoto anaweza kuiokota. Ikimezwa, inaweza kuunguza koo ndani ya saa mbili, na mtoto aliyeimeza apelekwe hospitali mara moja bila kungoja dalili.

Rimoti iliyofuliwa pamoja na suruali ni habari nyingine. Toa betri yake, ifungue, uikaushe kwa siku nzima mahali penye hewa pasipo jua kali, na kwa leo nenda hatua inayofuata.

Hatua ya 3: Tumia ufunguo wa chuma uliojificha

Hapa ndipo wengi huokoka.

Mimi nilijifunza nje ya duka la dawa Sinza, saa mbili usiku, nikiwa na Premio ambayo nilikuwa nayo mwaka wa tatu. Nilikuwa nimebonyeza rimoti mpaka kidole kikauma, na kijana mmoja aliyejitambulisha kuwa fundi alikwisha kunyoosha waya wa henga na kupenyeza bisibisi juu ya kioo, fremu ya mlango ikalia. Dereva wa teksi, mzee wa makamo, akatoka kwenye gari lake. Nikamwamkia, akaitikia "marahaba", akasema, "Hebu lete huo ufunguo, mwanangu." Hakuubonyeza. Aliugeuza, akasukuma kwa ukucha kitu kidogo ubavuni ambacho mimi siku zote nilidhani ni urembo, na kutoka upande wa pete ukatoka ufunguo mwembamba wa chuma, unang'aa kama sarafu mpya kwa kuwa haukuwa umegusa tundu lolote tangu gari lilipotoka Japani. "Wenzako wote wanao," akasema, "ila hawaambiwi."

Ufunguo huo umo katika funguo karibu zote za magari ya kitufe. Tafuta ubavuni au kwenye kisogo cha rimoti kitufe kidogo cha kusukuma au kuvuta, chenye ukubwa wa punje ya mchele. Ukishikilie kikiwa kimesukumwa, na kwa mkono wa pili vuta upande wenye tundu la pete. Kwa magari ambayo rimoti na ufunguo ni kitu kimoja, kama zilivyo Vitz na Probox nyingi, huna cha kutafuta. Ufunguo wenyewe ndio huo unaowashia gari, na cha ajabu ni kwamba watu huusahau kwa sababu mkono umezoea kitufe.

Tundu la kuchomeka lipo kwenye mlango wa dereva, ambao kwetu ni wa kulia, na katika magari mengi ya miaka ya karibuni lipo hapo tu. Usihangaike na mlango wa abiria. Kama hulioni, halijakosekana, limefunikwa. Baadhi ya magari ya Mazda, Volkswagen na BMW, kwa mfano, huficha tundu nyuma ya kifuniko kidogo cha plastiki kwenye mwisho wa kishikio. Papasa chini ya kifuniko hicho utakuta mpenyo mwembamba. Ingiza ncha ya ufunguo wa chuma humo, unyanyue kwa upole kuelekea juu au nje, na katika aina fulani itabidi uvute kishikio kwa mkono wa pili wakati unanyanyua. Kifuniko kikibanduka, kitie mfukoni, maana kikidondoka kwenye mtaro huna chako.

Chomeka ufunguo mpaka mwisho kabla ya kuuzungusha. Jaribu upande mmoja kwa nguvu ya vidole viwili, kisha upande wa pili, na usikilize mlio wa komeo likiruka. Uzungushe, uurudishe katikati, ndipo uvute kishikio. Wengine huvuta kishikio huku ufunguo umepinda, na mlango hukataa ingawa umeshafunguka.

Hatua ya 4: Kitasa kikigoma

Ufunguo wangu wa chuma uliingia nusu ukasimama. Nilipousukuma, tundu likalia mchanga, sauti ile ile ya kijiko kinachokwangua sufuria. Miaka kumi ya vumbi bila kuguswa, na kwa walio Pwani ongeza chumvi ya hewa ya bahari, huvigandisha vipini vidogo vya ndani ya kitasa ambavyo ndivyo vinavyoutambua ufunguo. Kosa kubwa hapa ni kutumia nguvu. Ufunguo wa chuma wa magari haya ni mwembamba na mfupi, huna mahali pa kuushika vizuri, na ukikatikia ndani umegeuza kazi ya dakika tano kuwa kazi ya kubomoa mlango.

Utoe, uufute, upulize tundu kwa mdomo au kwa pampu ya baiskeli. Kisha tia kilainishi. Kilicho bora kwa vitasa ni unga wa grafiti, na kama huna, piga penseli nyeusi pande zote za ufunguo mpaka uwe mweusi, kwa kuwa risasi ya penseli ni grafiti hiyohiyo iliyochanganywa na udongo. Dawa ya kopo ya kupuliza, WD-40 na mfano wake, inafaa kwa dharura kwa sababu hulegeza kutu na kusukuma uchafu, ingawa haidumu. Mafuta ya kupikia na oili ya injini usiyakaribishe. Yatafungua leo na kukusanya vumbi la mwaka mzima kwa ajili ya kesho. Ingiza ufunguo, utoe, uingize tena mara kumi au kumi na tano bila kuuzungusha, huku ukiufuta kila unapotoka na uchafu. Ukianza kufika mwisho, utingishe kidogo juu na chini na ndipo uzungushe.

Ikiwa ufunguo unaingia mpaka mwisho kwa ulaini na kuzunguka bure pande zote bila kukutana na ukinzani, kitasa ni kizima lakini fimbo inayokiunganisha na komeo imeachia ndani ya mlango. Ikiwa unaingia na hauzunguki kabisa, huenda kitasa kilibadilishwa na mwenye gari aliyekutangulia baada ya ajali au wizi. Katika hali zote mbili usiendelee. Ruka moja kwa moja hadi kwenye habari ya fundi.

Hatua ya 5: Mlango umefunguka na king'ora kinalia

Usiogope. Gari lililofungwa kwa rimoti likifunguliwa kwa ufunguo wa chuma hudhani limevamiwa, na magari mengi hupiga honi na kuwasha taa. Majirani watatazama. Ingia, funga mlango, uliwashe. Imobilaiza ikishautambua ufunguo, kelele hukoma.

Swali la kila mtu ni namna ya kuliwasha gari la kitufe kwa ufunguo ambao betri yake imekufa. Ndani ya ufunguo kuna chipu ndogo ambayo haihitaji betri hata kidogo, kwani hupata nguvu yake kutoka kwenye gari lenyewe inapokuwa karibu sana. Katika Toyota, kanyaga breki, gusisha ufunguo kwenye kitufe cha kuwashia kwa ule upande wenye nembo, ungoje mlio au taa ya kitufe ibadilike rangi, kisha bonyeza kitufe ndani ya sekunde chache. Mazda na Nissan nyingi hufuata njia hiyohiyo, ila Nissan za zamani kidogo zina tundu la kuchomeka ufunguo mzima karibu na usukani, na magari mengine huficha mahali pa kuuweka kwenye kishikilia kikombe au ndani ya kisanduku cha katikati. Kitabu cha gari kitaonyesha, na ikiwa kitabu chako ni cha Kijapani kama changu, michoro yake inatosha.

Hatua ya 6: Ikiwa betri ya gari ndiyo iliyokufa

Sentro loki, yaani mfumo unaofunga na kufungua milango yote kwa pamoja, haiwezi kufanya kazi bila umeme, lakini ufunguo wa chuma hauna habari na umeme. Unasukuma komeo kwa mkono. Kwa hiyo hata gari likiwa limekufa kabisa, hatua ya 3 inabaki vilevile. Ukishaingia, vuta kishikio cha boneti kilicho chini ya dashibodi upande wa dereva. Betri ya gari iliyojaa na iliyotulia husoma takriban volti 12.6, ikisoma 12.0 imebakiwa na robo hivi, na ikishuka chini ya hapo stata haitakuwa na hamu na wewe.

Kubusti, yaani kuazima umeme wa betri ya gari jingine kwa nyaya, kuna mpangilio, na mpangilio wenyewe una sababu. Funga waya mwekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, kisha ncha yake ya pili kwenye chanya ya betri nzima. Chukua waya mweusi, ufunge kwenye hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho uifunge kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri yake. Cheche huruka kwenye mguso wa mwisho, na betri inayochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni ambayo huwaka. Ndiyo maana mguso huo hauwekwi juu ya betri. Acha gari lenye betri nzima liungurume dakika tano, jaribu kuwasha, na likiwaka toa nyaya kwa kurudi kinyumenyume.

Wenye Prius wana mtego wao. Betri ya volti 12 ya Prius za kizazi cha pili na cha tatu iko nyuma, ndani ya buti, na mlango wa buti hufunguliwa kwa umeme wa betri hiyohiyo. Usitambae kuelekea nyuma ukiwa umebeba nyaya. Fungua boneti, ufungue kifuniko cha kisanduku cha fyuzi, na humo utakuta kifuniko chekundu chenye kibati cha chanya kilichowekwa kwa ajili ya siku kama hii.

Hali ngumu kuliko zote ni pale betri ya gari imekufa na kitasa nacho kimegoma, kwa kuwa boneti hufunguliwa kutoka ndani na ndani hupafikii. Njia ipo. Waya mnene wa chanya unaokwenda kwenye stata umeunganishwa na betri muda wote, na katika magari mengi fundi umeme anaweza kuufikia kwa kulala chini ya gari, akalisha umeme kupitia hapo, sentro loki ikapata nguvu na rimoti ikaitika. Lakini waya huo hauna ulinzi unaoeleweka. Kifaa kikiteleza na kugusa chesisi, cheche yake huyeyusha chuma. Mwachie anayeijua kazi hiyo.

Hatua ya 7: Kumwita fundi, na namna ya kumsimamia

Fundi wa funguo si sawa na kijana yeyote mwenye bisibisi. Kariakoo jijini Dar es Salaam na Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi wapo wanaofanya kazi hii kila siku, na wengi hukufuata ulipo. Fundi wa kweli utamjua kwa maswali yake. Atauliza aina na mwaka wa gari, atataka kuona kadi ya gari, au hati ya umiliki kwa Kenya, pamoja na kitambulisho chako. Asiyeuliza lolote ujue kwamba hata la jirani yako angelifungua, na usimpe namba yako ya simu. Ikiwa kadi imo ndani ya gari, kubaliana naye kwamba ndicho kitu cha kwanza utakachomwonyesha mlango ukifunguka. Kitu cha pili ni bei, na hiyo ikubaliwe kabla hajafungua mkoba wake.

Njia isiyoacha alama ni ya kukifungua kitasa chenyewe kwa vifaa vyake maalumu, au ya kuachanisha mlango kidogo kwa mfuko bapa unaojazwa hewa ili fimbo ndefu iliyofunikwa raba ipite. Mfuko huo husukuma kwa usawa, tofauti na bisibisi inayobonyeza sehemu moja mpaka bati linakunja. Ukimwona ametoa bisibisi tupu na bapa la chuma la kupitisha kati ya kioo na raba, mzuie. Ndani ya mlango wa kisasa kuna nyaya za vioo, za spika na, kwa magari mengine, za vihisio vya mifuko ya hewa ya pembeni, na bapa lile halioni linachokikata. Isitoshe, magari mengi ya Ulaya yana ufungaji wa mara mbili: yakishafungwa kwa rimoti, hata kishikio cha ndani kikivutwa mlango haufunguki, kwa hiyo fimbo yote hiyo ingekuwa kazi bure.

Utaratibu huu wa fundi ndio unaotumika pia kwa aliyefungia funguo zake zote ndani. Yeye hana hatua ya 2 wala ya 3, isipokuwa kama kuna ufunguo wa akiba nyumbani, na nauli ya bodaboda ya kuufuata itakuwa ndogo kuliko gharama ya raba ya mlango.

Siku inayofuata

Magari mengi yaliyotumika hufika bandarini na ufunguo mmoja tu. Tengenezesha wa pili wakati wa kwanza bado ni mzima, kwa sababu fundi huandikisha chipu mpya kwa urahisi akiwa na ufunguo ambao gari tayari linautambua. Asipokuwa nao kazi huwa ndefu na bei hupanda. Ukiwa umepoteza kabisa, anza polisi upate hati ya upotevu, kwani fundi makini na kampuni ya bima wote wataiuliza. Mimi ufunguo wa akiba nimeuweka kwa dada yangu Kimara, ule wa chuma nimeutoa kwenye rimoti yake na kuuvalisha kamba nyekundu, na kila ninapoosha gari mwisho wa mwezi nafungua mlango wa dereva kwa ufunguo wa chuma mara moja ili tundu lisisahau. Kitasa sasa kinazunguka kwa kidole kimoja.